Alice, mgeni aliyekalia kiti cha mwenyeji

Mtafute Alice katika gemu ya kwanza ya Resident Evil, iliyotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1996. Hayumo. Nenda ya pili, ya tatu na ya nne, hayumo. Mashujaa wa gemu hizo ni Jill Valentine, Chris Redfield, Leon Kennedy na Claire Redfield, na aliyewahi kushika padi ya PlayStation anawatambua kwa sauti, kwa mavazi na hata kwa mwendo. Lakini muulize aliyeijua Resident Evil kwenye jumba la sinema, kwenye kibanda cha video au kwa DVD ya kuazima akutajie stelingi wa hadithi hiyo. Atakwambia ni yule dada wa gauni jekundu, anayepanda ukutani na kumpiga teke mbwa aliyeoza.

Huyo ndiye Alice. Alichezwa na Milla Jovovich katika filamu sita, kuanzia 2002 hadi 2016, na kwa jumla filamu hizo ziliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2 za Marekani duniani kote. Hakutoka kwenye gemu. Alibuniwa na mwandishi na mwongozaji wa Kiingereza, Paul W. S. Anderson, kwa ajili ya filamu tu.

Kwa zaidi ya miaka 20 wapenzi wa gemu wamemlalamikia. Wanasema alikuja kuwapora mashujaa wao hadithi yao wenyewe. Nayapima malalamiko hayo na kuona yana ukweli, ila si wote. Alice alipobisha hodi mwaka 2002 alikuwa na kazi maalumu, na kazi hiyo hakuna mhusika wa gemu aliyeweza kuifanya. Mambo yaliharibika baadaye, pale waliomkaribisha waliposahau kwamba nyumba ina wenyewe.

Hofu iliyokuwa mkononi

Ili kumwelewa Alice, lazima kwanza uielewe gemu ile ya 1996, iliyoongozwa na Shinji Mikami. Kikosi cha polisi kinafukuzwa na mbwa wa kutisha hadi kwenye jumba kubwa msituni, nje ya mji wa kubuni wa Raccoon City. Unachagua kuwa Jill au Chris. Unavuka chumba cha chakula, unafungua mlango, unaingia kwenye kijia chembamba, na kamera inakuonyesha mgongo wa mtu aliyeinama juu ya maiti. Anageuza kichwa taratibu, mdomo umejaa damu. Risasi ulizonazo ni za kuhesabu. Hata kuhifadhi mchezo pale ulipofika kunadai utepe wa wino wa mashine ya taipu, na tepe hizo nazo ni chache.

Hofu ya gemu ile haikuletwa na zombi peke yake. Ililetwa na mkono wako mwenyewe. Risasi iliyokwenda kombo uliipiga wewe, na mlango uliofunguliwa kwa pupa uliufungua wewe. Ukifa, umekufa wewe.

Filamu inakunyang'anya padi. Unakaa kwenye kiti na kutazama mtu mwingine akiamua. Hilo ni tatizo la kwanza la kila anayetaka kuigeuza gemu kuwa filamu. La pili linajulikana na kila mtoto aliyekulia kwenye vibanda vya video vya kwetu: stelingi hafi. Mtu aliyeimaliza gemu anajua kwamba Jill atatoka ndani ya jumba lile akiwa hai. Anajua zombi yuko nyuma ya mlango gani, na anamjua askari msaliti. Ukimpigia picha hadithi ileile, watu walewale, kwenye jumba lilelile, unamwonyesha kitu alichokwisha kukifanya kwa mikono yake, tena alikifanya kwa saa nyingi na kwa jasho zaidi.

Njia hiyo ya uaminifu ilijaribiwa kwanza. George A. Romero, Mmarekani aliyeweka misingi ya filamu za mazombi kwa Night of the Living Dead ya 1968, aliongoza tangazo la televisheni la gemu ya pili kwa soko la Japani, kisha akaandika muswada wa filamu. Ndani yake walikuwamo Jill na Chris, na jumba la msituni lilikuwamo. Muswada huo ulikataliwa. Kazi ikaenda kwa Anderson, chini ya kampuni ya Constantin Film ya Ujerumani, na yeye akaamua kusimulia yaliyotokea kabla ya gemu kuanza, kwa kutumia watu ambao hakuna mchezaji aliyewajua.

Mwanamke asiyejijua

Mapema katika filamu ya kwanza, mwanamke anazinduka kwenye sakafu ya bafu, pazia la bafu limemwangukia. Hajui ni nani. Anatembea ndani ya nyumba tupu ya kifahari, anagusa vitu kana kwamba ni vya mtu mwingine. Kitandani kumetandazwa gauni jekundu. Anafungua droo, na chini ya kioo anaona bunduki zimepangwa. Amezikuta nyumbani kwake na hajui za nini. Pete ya ndoa iko kidoleni, na mume hamkumbuki. Dakika chache baadaye wanajeshi wanavunja madirisha na kumshurutisha ashuke nao chini ya ardhi, kwenye maabara ya siri ya kampuni ya Umbrella iitwayo Mzinga, ambako kirusi kimevuja na kompyuta ya ulinzi, Malkia Mwekundu, imewaua wafanyakazi wote ili kisitoke nje.

Hapo ndipo ubunifu wa Anderson ulipo. Mtu aliyepoteza kumbukumbu ni mchezaji anayekaa mbele ya gemu kwa mara ya kwanza. Hajui ramani, hajui adui, hajui hata mwili wake unaweza nini mpaka aujaribu. Alice anagundua kwamba anajua kupigana kwa namna ileile mchezaji anavyogundua vitufe vya padi: kwa kubahatisha, hatari ikiwa imeshafika. Filamu imekunyang'anya padi, lakini imekurudishia kutojua, na kutojua ndiko kulikokuwa roho ya gemu.

Tazama pia tukio la korido. Wanajeshi wenye ujuzi wanaingia kwenye njia ya vioo inayoelekea chumba cha Malkia Mwekundu. Milango inajifunga nyuma yao. Mstari wa mwanga wa leza unapita na kukata kila unachokuta. Unarudi tena, safari hii chini, kisha juu. Kiongozi wao, mtulivu kuliko wote, anaruka na kuukwepa; mtazamaji anapata matumaini kwamba huyu atapona. Mstari unamjia tena na, kabla haujamfikia, unagawanyika kuwa wavu mzima. Hakuna pa kukwepea. Alice yuko nje ya kioo, anashuhudia, na hawezi kumsaidia mtu.

Tukio hilo lisingewezekana kama wanajeshi wale wangekuwa Chris na wenzake. Nguvu yake yote imetokana na kwamba hakuna mtazamaji, awe mchezaji au asiye mchezaji, aliyejua nani atabaki. Filamu ilitengenezwa kwa dola zipatazo milioni 33, sehemu yake ikapigwa Berlin kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi kilichokuwa hakijafunguliwa, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 100.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wanaodai kwamba Alice aliinyonya gemu tu bila kuirudishia chochote wanasahau yaliyofuata. Mwaka 2005 Capcom ilitoa Resident Evil 4, gemu ambayo wengi wanaihesabu miongoni mwa bora kabisa kuwahi kutengenezwa. Ndani yake Leon anapita kwenye korido ya leza, na mstari wa mwisho unamjia ukiwa umetanda kama wavu, na safari hii ni wewe unayepaswa kubonyeza kitufe kwa wakati. Mwaka 2007 Malkia Mwekundu naye akaingizwa katika gemu ya The Umbrella Chronicles. Vitu vilivyobuniwa ili kumtia Alice matatani vikawa mali ya gemu.

Aliifanyia hadithi jambo jingine kubwa zaidi: aliwafungulia mlango wasiokuwa na mashine ya gemu. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, PlayStation ilikuwa kitu cha kulipia kwa dakika kwenye kibanda, na vijana wengi walitumia dakika hizo kucheza mpira au kupigana, si kutafuta funguo ndani ya jumba la giza lenye maelezo ya Kiingereza kwenye kila karatasi. Lakini filamu ya mtu asiyejua chochote haikumdai mtazamaji ajue chochote. Unaanza pamoja naye. Ndiyo maana Umbrella na kirusi chake vinajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuigusa gemu yenyewe.

Siku ya tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alice hakupewa jembe, alipewa nyumba.

Dalili zilianza mapema, katika filamu ya pili, Apocalypse ya 2004. Humo Jill Valentine aliingia hatimaye, amechezwa na Sienna Guillory, amevaa nguo zilezile za gemu ya tatu ya 1999. Katika gemu hiyo Jill anawindwa mitaani na jitu liitwalo Nemesis. Anakimbia, anajificha, anarudi kupigana, na ushindi wake dhidi ya jitu lile ni mojawapo ya ushindi mkubwa wa mfululizo wote. Katika filamu, pambano la ana kwa ana na Nemesis alipewa Alice. Jill akabaki mtu wa kusaidia katika vita vyake mwenyewe.

Baada ya hapo hapakuwa na kizuizi. Katika Extinction ya 2007 Alice anaunguza kundi la kunguru kwa nguvu za akili. Katika Afterlife ya 2010 anavamia makao ya Umbrella mjini Tokyo akiwa na jeshi la nakala zake mwenyewe. Katika Retribution ya 2012 Leon na Ada Wong, wahusika wawili ambao gemu ziliwajengea uhusiano wa miaka mingi, wanafika kumkomboa Alice kisha wanasogezwa pembeni. Yule mwanamke aliyekuwa hajui bunduki kwenye droo ni za nani sasa anajua kila kitu na anaweza kila kitu. Kutojua kulikomfanya awe sisi kumekwisha, na pamoja nako hofu yetu.

Kuna jambo moja hapa linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2009 Capcom ilitoa Resident Evil 5, iliyowekwa Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi. Maadui wake wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili, lugha ambayo si ya watu wa upande ule wa bara. Gemu hiyo ilikosolewa vikali kwa namna ilivyowaonyesha Waafrika wakipigwa risasi mmoja baada ya mwingine, na ukosoaji huo ulistahili. Lakini ilileta pia Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika, mpiganaji mwenye akili na historia yake, yatima wa wazazi waliofanya kazi kwenye kiwanda cha Umbrella. Kutoka mwanzo hadi mwisho anapigana bega kwa bega na Chris. Wachezaji wawili wakicheza pamoja, mmoja ni Chris na mwingine ni Sheva.

Mwaka mmoja baadaye, Afterlife ililichukua pambano la Chris na Sheva dhidi ya Albert Wesker, yule askari msaliti wa gemu ya kwanza, karibu hatua kwa hatua, hata ile miwani myeusi ya Wesker inayorushwa. Lakini nafasi ya Sheva ilichukuliwa na Claire. Sheva hakuwekwa katika filamu yoyote kati ya zile sita. Palikuwa na nafasi ya jeshi zima la nakala za Alice, na hapakuwa na nafasi ya Mwafrika mmoja ambaye gemu ilikwisha kumpa jina, sura na sababu ya kupigana. Hili ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote. Mhusika mpya anapokua kupita kiasi, wa kwanza kukosa kiti ni yule ambaye tangu mwanzo kiti chake kilikuwa pembeni.

Na filamu ya mwisho, The Final Chapter, ilipigwa Afrika Kusini. Katika upigaji huo, mwaka 2015, mwanamke aliyekuwa akifanya matukio ya hatari kwa niaba ya nyota aligongana na kifaa cha kamera akiwa kwenye pikipiki, akapoteza mkono wake wa kushoto. Mfanyakazi mmoja wa filamu alikufa kwa kuangukiwa na gari. Alice ni wa kubuni. Watu waliombeba mabegani mwao walikuwa wa nyama na damu, na wanastahili kukumbukwa kila anaposifiwa.

Wageni wa nyumba nyingine

Alice si wa pekee. Mwaka 2021 filamu mpya ya Mortal Kombat ilituletea Cole Young, aliyechezwa na Lewis Tan, mpiganaji wa ulingoni anayegundua kwamba ni wa ukoo wa Hanzo Hasashi, yaani Scorpion. Swali ni lilelile: amekuja kufanya nini? Gemu ya Mortal Kombat, iliyoingia kwenye vibanda vya michezo mwaka 1992, haina tatizo la hadithi kujulikana, kwa kuwa hadithi yake ni nyembamba. Utajiri wake ni sura: unakaa mbele ya orodha ya wapiganaji na kumchagua wako. Anderson mwenyewe aliligundua hilo mapema. Filamu yake ya Mortal Kombat ya 1995 ilimweka mbele Liu Kang wa gemu pamoja na wenzake, haikumbuni shujaa mpya, na ilifanikiwa.

Cole alipewa kazi isiyokuwapo. Filamu inaanza kwa pambano kali la Hanzo na adui yake Bi-Han katika Japani ya karne ya 17, na mtazamaji anangoja muda wote wawili hao wakutane tena. Wanapokutana, Cole yumo katikati yao. Tan ni mpiganaji hodari na hana hatia. Muswada ndio uliomweka mtu mahali ambapo hapakuwa na pengo.

Mfano mzuri umetoka mahali ambapo wengi hawakutarajia. Filamu ya Sonic ya 2020 ilimbuni Tom Wachowski, polisi wa mji mdogo aliyechezwa na James Marsden, ili yule kalunguyeye wa bluu awe na mtu wa kuzungumza naye. Filamu ya pili, mwaka 2022, iliwaleta Tails na Knuckles kutoka kwenye gemu, na ya tatu, mwaka 2024, ikamleta Shadow. Kadiri wenyeji walivyofika, Tom alisogea. Hakufukuzwa na hakuuawa, aliacha nafasi.

Kisha kuna Fallout, tamthilia ya televisheni ya 2024. Gemu za Fallout, zilizoanza 1997, humwachia mchezaji amuumbe shujaa wake mwenyewe, jina, sura na tabia. Hapakuwa na shujaa mmoja wa kumnakili. Kumbuni Lucy, msichana anayetoka kwenye handaki akiwa haelewi lolote la nje yake, lilikuwa jambo la lazima, na ndiyo maana wapenzi wengi wa gemu hawakumpinga. Naye, kama Alice wa 2002, anaanza akiwa hajui.

Raccoon City bila yeye

Mwaka 2021 wapinzani wa Alice walipata walichokiomba. Welcome to Raccoon City iliwarudisha Jill, Chris, Claire na Leon, ikaunganisha hadithi za gemu mbili za kwanza, na Alice hakuwamo. Iliingiza dola milioni 40 na ushee, kiasi kidogo kuliko filamu yoyote ya Alice. Haki isemwe: ilitoka wakati wa janga la UVIKO-19, na majumba ya sinema yalikuwa yanayumba. Lakini hata mtu akiitazama leo ataona kwamba kurudisha majina na mavazi hakutoshi. Filamu ina haraka ya kukuonyesha vitu unavyovijua, nayo haikupi nafasi ya kuogopa usichokijua.

Kwa hiyo uaminifu kwa gemu haupimwi kwa kuhesabu majina. Unapimwa kwa swali moja: je, filamu imenirudishia kile ambacho gemu ilinipa nilipokuwa nimeshika padi? Mhusika mpya akisaidia kukirudisha, apewe heshima yake. Asiposaidia, aache kiti kwa mwenyewe.

Kwa kipimo hicho, Alice wa 2002 amefaulu, na amefaulu kuliko wote waliobuniwa kwa kazi kama yake. Alice wa 2012 ameshindwa. Cole Young hakupaswa kubuniwa. Na atakayetengeneza filamu nyingine ya Resident Evil ana deni lililo wazi: Sheva Alomar amengoja tangu 2009. Mleteni.